Mahali Ambapo Mlevi Hashauriwi: Mafunzo Niliyopata Mikutanoni

Mlevi wa Mombasa hana uhaba wa washauri. Humshauri ami yake, humshauri imamu, humshauri mwenye nyumba anayedai kodi, na hata muuza baa humshauri akishamhesabia chenji. Mimi nilishauriwa kwa upole na kwa ukali, kwa aya, kwa machozi ya mama, na kwa barua ya onyo kutoka kazini. Ushauri wote huo ulikuwa wa haki. Hakuna aliyenidanganya aliponiambia pombe inanimaliza. Nililijua hilo kuliko wao, maana mikono iliyokuwa ikitetemeka asubuhi ilikuwa yangu.

Nilichokosa ni mahali pa kusema bila kujibiwa. Nilipapata katika mikutano ya Alcoholics Anonymous, ambayo sisi wanachama twaiita AA tu, kwanza hapa Mombasa, kisha Nairobi kila kazi ya kuondoa mizigo bandarini inaponipeleka huko. Siandiki kuipigia AA debe. Ina kasoro zake nami nitazitaja. Namwandikia yule anayetaka kwenda lakini hajui aanzie wapi, wala atakuta nini akishavuta kiti.

1. Mikutano haina bango, kwa hiyo anza na simu

Usitarajie kuona mshale barabarani. Vikundi hivi havijinadi. Nilipoanza kuuliza mjini AA iko wapi, nilielekezwa kwa chama cha wenye magari, kile chenye shule za udereva, ambacho nacho huitwa AA. Bwana mmoja alinipongeza kwa kutaka kujifunza gari katika umri wangu. Nilimshukuru, nikaenda zangu.

Milango inayofunguka ni mingine. Kliniki ya afya ya akili katika hospitali ya umma ni mahali pazuri pa kuanzia, kwa kuwa wauguzi wake huwaona watu wa namna yetu kila siku na hujua wanakutana wapi. Vituo vya kurekebisha tabia pia hujua, na si ajabu ukakuta mshauri wa pale naye ni mtu aliyeacha. Bawabu wa kanisa kubwa la mjini anaweza kukuambia kama kuna kikundi kinachotumia ukumbi jioni. Yeye ndiye anayefungua mlango na kupanga viti. Kwa aliye Kenya, ipo namba 1192 ya NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya. Haina malipo, na mshauri hupatikana mchana na usiku. Tovuti ya AA nayo huonyesha pa kuulizia katika nchi mbalimbali. Aliye mbali na mji, au anayeona haya mno, anaweza kuingia mkutano kwa simu ya mkononi kupitia Zoom. Tangu korona ya 2020 mikutano ya namna hiyo imekuwa mingi, na saa yoyote utakayoamka na kiu kuna mahali duniani watu wameketi.

Ukipata namba ya kikundi, piga kabla ya kwenda. Ukumbi wa kukodi hupokonywa na harusi, siku hubadilishwa, na mlango wenyewe mara nyingi si ule wa mbele. Mimi niliambiwa nipite nyuma, panapoegeshwa baiskeli. Nisingepiga simu, ningezunguka jengo mara mbili kisha nikaona kwamba Mungu hakupanga.

Simu ndiyo iliyoizaa AA yenyewe. Mei 1935, Bill Wilson, mtu wa masoko ya hisa kutoka New York aliyekuwa ameacha pombe kwa miezi michache, alijikuta katika hoteli ya Mayflower mjini Akron, Ohio, biashara iliyompeleka huko imevunjika na fedha zimemwishia. Upande mmoja wa ukumbi wa hoteli kulikuwa na baa iliyochangamka. Upande wa pili kulikuwa na simu na orodha ya makanisa. Akaenda kwenye simu. Alipiga simu moja baada ya nyingine hadi akaunganishwa na bibi mmoja, Henrietta Seiberling, naye akamkutanisha na Dkt. Bob Smith, daktari wa upasuaji aliyekuwa amezama katika ulevi. Smith alikuwa amekubali kutoa dakika 15 tu. Waliketi kwa saa nyingi. AA huhesabu kuzaliwa kwake kuanzia tarehe 10 Juni 1935, siku inayokubalika kuwa ndiyo Smith alikunywa kwa mara ya mwisho.

2. Kama unakunywa kila siku, daktari kwanza

Mkutano si hospitali. Mwili uliozoea pombe kila siku ukinyimwa ghafla huingia arosto, na arosto ya pombe inaweza kuua. Kutetemeka na jasho huanza baada ya saa chache. Degedege huweza kuja ndani ya siku mbili za kwanza. Kati ya siku ya pili na ya nne wengine huchanganyikiwa, huona wadudu ukutani, hupata homa na moyo kwenda mbio. Hospitalini kuna dawa za kutuliza hali hiyo, na hutolewa pia thiamini, yaani vitamini B1, kuukinga ubongo. Familia nyingi kwetu humfungia mlevi chumbani mpaka pombe imtoke. Tafadhali msifanye hivyo.

Niliwahi kuona kijana ameletwa mkutanoni na dadake, anatetemeka hadi kikombe kinagonga meno. Mzee mmoja wa kikundi alimtazama mara moja tu, akasema, "Huyu si wa kiti, ni wa kitanda." Mkutano uliendelea; wawili wakampakia kwenye tuktuk, wakampeleka hospitali. Alirudi baada ya wiki kadhaa, akiwa na uwezo wa kushika kikombe.

3. Uliza kama ni wa wazi au wa ndani

Mkutano wa wazi huingiwa na yeyote: mke, mwanafunzi wa udaktari, jirani mwenye hamu ya kujua. Wa ndani ni wa wenye nia ya kuacha pombe peke yao. Nia hiyo ndiyo sharti pekee la uanachama. Hakuna fomu, hakuna kitambulisho, hakuna anayepima pumzi yako mlangoni. Mwenye woga aanze na ule wa wazi, na aje na mtu. Mimi nilisindikizwa na binamu yangu, ambaye alikula mahamri yote ya chai kisha akasema wale ni watu wa heshima.

4. Hakuna atakayekujibu, na hiyo ndiyo dawa

Saa ya mkutano huenda hivi. Viti vya plastiki, meza, chai. Mwenyekiti, ambaye leo ni huyu na mwezi ujao ni mwingine, anasoma utangulizi mfupi. Mtu anasoma Hatua 12, yaani mpango wa AA wa kuacha ulevi. Kisha mmoja anajitambulisha kwa jina la kwanza, anasema yeye ni mlevi, wote wanamsalimu, anazungumza kwa dakika chache kuhusu alivyokuwa na alivyo sasa. Akimaliza wanamshukuru. Anafuata mwingine. Haulizwi swali. Haambiwi alipokosea. Hatajiwi dawa ya mwarobaini wala dua ya kusoma baada ya alfajiri. Usipotaka kusema, unasema unasikiliza tu, na zamu inapita.

Siku za mwanzo jambo hili lilinikera kupita kiasi. Mimi nimelelewa na watu ambao ukiwaeleza shida yako ni lazima wakuombee, wakukemee au wakupeleke kwa mtu. Kunyamaza mbele ya mwenye shida kwetu ni utovu wa adabu. Nilieleza habari ya kazi iliyokuwa ikinitoka mikononi, nikanyamaza nikingoja, na jibu likawa "asante". Nilitoka nikiamini kwamba wale watu wana roho ngumu.

Aliyenifungua macho ni fundi cherehani mmoja. Alisimulia alivyokuwa akificha chupa ndani ya gunia la mchele la mkewe, na jinsi mchele ulivyoanza kunuka, na jinsi yeye mwenyewe alivyoungana na mkewe kumlaumu mwenye duka hadi wakaenda kurudishiwa pesa. Chumba kizima kilicheka, nami nikacheka hadi machozi, maana chupa yangu ilikuwa na maficho yake. Hakuna aliyemcheka yeye. Ndipo nikaona kwamba mtu yule alisema ukweli wote, pamoja na sehemu ya aibu, kwa kuwa alijua hakuna atakayeinuka kumjibu. Ushauri humgeuza mlevi kuwa wakili: kila ukimsomea shtaka, anatafuta utetezi, na mlevi ni wakili hodari. Mkutanoni hakuna mashtaka, kwa hiyo wakili anakosa kazi, na mtu mwenyewe anaanza kusema.

Waanzilishi walilijua hilo kwa kuumia. Kabla ya kwenda Akron, Bill Wilson alikuwa amewahubiria walevi wa New York kwa miezi, na hakuna hata mmoja aliyedumu katika kuacha. Daktari aliyemtibu, William Silkworth, alimshauri apunguze mahubiri. Kwa hiyo alipoketi na Bob Smith alieleza tu habari zake mwenyewe, na alikwenda pale kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa na kiu siku ile na alihitaji mlevi mwenzake wa kuzungumza naye. Smith aliandika baadaye kwamba huyu alikuwa mtu wa kwanza kuongea naye ambaye aliujua ulevi kwa kuupitia. Daktari yule, jamani, alikuwa ameshauriwa na mji mzima.

Sisemi ushauri hauna kazi. Nje ya mkutano, kwenye chai, watu hushauriana sana, tena wakati mwingine kupita kiasi. Lakini saa ile moja ni ya kusema na kusikiliza, na atakayekwenda akitarajia kuhudumiwa atavunjika moyo kabla ya kuona faida.

5. Ukumbi ni wa kanisa, mkutano si wa kanisa

Kwa Mwislamu wa Mji wa Kale hili si jambo dogo. Anayekunywa tayari anajificha, na sasa anatakiwa ajifiche tena akiingia ua wa kanisa jioni. Nilimwendea ami yangu kabla hajasikia kwa wengine.

"Unakwenda kanisani?" aliniuliza.

"Nakwenda kwa walevi wenzangu, ami. Wamepewa ukumbi huko."

Alikaa kimya, kisha akasema, "Ulipokuwa ukienda mangweni hukuniaga. Na huko usiniage, nenda tu."

Ukweli ni kwamba AA ilitoka ubavuni mwa Oxford Group, harakati ya Kikristo, na alama ya asili hiyo haijafutika. Hatua 12 humtaja Mungu, ingawa zinamwachia kila mtu amfahamu kwa namna yake. Vikundi vingine hufunga kwa sala ya Wakristo, vingine kwa dua fupi ya kuomba utulivu. Ikifika sala ambayo si yangu nasimama kimya pamoja na wenzangu, na hakuna aliyenitazama vibaya. Katika kikundi chetu wapo Waislamu, Wakatoliki, Walokole, na bwana mmoja asiye na dini ambaye husema nguvu iliyo kuu kumliko ni hicho kikundi chenyewe. Ameacha pombe kwa muda mrefu kuliko karibu wote wengine, na hilo huwakera Walokole kidogo.

Lakini kasoro ipo. Niliacha kikundi kimoja kwa sababu mwenyekiti wake alikuwa ameugeuza mkutano kuwa ibada, na aliyezungumza bila kutaja wokovu alitazamwa kama hajamaliza kuzungumza. Hilo haliko katika utaratibu wa AA. Ukilikuta, hama kikundi bila kuhama mikutano.

Na ndugu zangu Waislamu, nawaambia jambo moja kuhusu Ramadhani. Wengi wetu tuliacha pombe mwezi mzima kila mwaka, bila tabu ya kutangaza, tukarudi siku ya Idi, tena kabla ya saa sita mchana. Mwezi huo ulikuwa ushahidi wetu: tukiambiwa tuna tatizo, twajibu kwamba tuliacha siku 30. Mtu anayehesabu siku zilizobaki ili arudi hajaacha, amesubiri. Nilimsikia mvuvi mmoja akilisema hilo juu yake mwenyewe. Ningeambiwa mimi uso kwa uso, ningekasirika.

6. Kapu hupita, nawe mgeni huliachii kitu

Kapu huzungushwa kwa ajili ya chai na kodi ya ukumbi. Mgeni haombwi. Vikundi hujitegemea na havipokei fedha kutoka nje, jambo ambalo katika nchi ya harambee huonekana kama kichaa. Mwanasiasa mmoja aliyekuwa akitafuta kura aliwahi kutaka kutununulia viti vipya. Alishukuriwa na kukataliwa, na hadi leo tunakalia viti vilivyopasuka. Waanzilishi waliwahi kumwendea John D. Rockefeller mdogo, tajiri wa Marekani, wakitarajia mapesa. Mwaka 1938 alitoa dola 5,000, akaona fedha nyingi zingeharibu kazi yao. Walivunjika moyo wakati ule. Miaka kadhaa baadaye kukataa fedha za nje kulikuwa kumekuwa sheria yao wenyewe.

7. Utakutana na mtu unayemjua

Mombasa watu wanajuana. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa kufungua mlango na kumkuta karani wa forodha ambaye tulikuwa tukibishana naye dirishani karibu kila wiki. Tulitazamana. Kila mmoja alikuwa na siri ya mwenzake, kwa hiyo siri zote mbili zilikuwa salama. Dirishani tuliendelea kubishana kama kawaida.

Kanuni ni nyepesi: uliyemwona huko hukumwona, ulilolisikia huko hulitoi. Tukikutana harusini tunasalimiana kama watu wa mji mmoja, na akija mtu na kuuliza tulijuana wapi, tulijuana bandarini. Desturi 12 za AA, zilizopitishwa mwaka 1950 katika mkutano mkuu wa Cleveland, zinamtaka mwanachama asijitangaze kwa jina magazetini, redioni wala katika filamu. Ndiyo maana hapa hamtaliona jina langu. Si woga peke yake: mtu akishakuwa maarufu kwa kuacha pombe, siku atakayoanguka ataangusha na waliomwamini.

Je, siri huvuja? Huvuja, mara chache. Binadamu ni binadamu. Lakini fikiria pia kwamba ulevi wako, unaodhani umeufichia mtaa, mtaa unaujua. Mficha maradhi kifo humfichua. Kinachobaki kujulikana ni kwamba unatafuta tiba.

8. Chagua saa kabla ya kuchagua kikundi

Sheria ya vileo ya mwaka 2010 inaruhusu baa za Kenya kufunguliwa saa kumi na moja jioni siku za kazi na saa nane mchana mwisho wa wiki. Wanywaji wa kazini tunaijua saa kumi na moja kama waumini wanavyoijua adhana. Basi mimi nilitafuta mkutano unaoanza karibu na saa hiyo, ili miguu yangu ikitoka ofisini iwe na mahali pengine pa kwenda. Mkutano wa saa mbili usiku ulikuwa mzuri zaidi kwa mazungumzo, ila ulinikuta nimeshapitia kwingine.

Vikundi vyenyewe havilingani. Kingine ni cha wazee wanaosimulia mambo yaleyale kila Jumanne. Kingine ni cha maofisa wanaozungumza Kiingereza cha semina mpaka mtu wa kawaida anaona aibu kufungua mdomo. Kingine, Nairobi, kilikuwa na bwana aliyekuja na katoni za virutubisho akizigawa kwa mkopo. Usihukumu AA kwa jioni moja. Nenda penginepo, halafu kwingine, hadi utakapokaa na kuona unayesimuliwa ni wewe.

Kwa wanawake nina neno, nililopewa na dada mmoja wa kikundi chetu niliseme. Tafuteni mikutano ya wanawake pale ilipo, na namba za simu za kwanza mnazochukua ziwe za wanawake. Wapo wanaume wanaoacha pombe bila kuacha tabia, na mgeni mwenye uchungu ni windo rahisi. Vikundi vizuri hulisema hili waziwazi. Kikundi kinacholicheka si cha kukaa.

9. Mdhamini si mzee wa ukoo

Baada ya muda utaambiwa utafute mdhamini, yaani mtu aliyetangulia atakayekupitisha katika Hatua na atakayepokea simu yako saa mbaya. Nilifanya kama tunavyofanya kwetu: nikamtazama mwenye mvi nyingi na cheo kikubwa. Alikataa, akasema yeye hana muda na mimi sihitaji mkubwa, nahitaji anayepokea simu. Aliyenipokea ni dereva wa matatu, mdogo kwangu kwa umri. Namwita Mwalimu, yeye ananiita Mzee, na nikimpigia hanishauri. Huuliza: umekula? uko wapi? nani yuko nawe? Kisha husema alivyofanya yeye siku ya namna hiyo.

Mdhamini si daktari vilevile. Yeyote atakayekuambia uache dawa za kifafa au za msongo wa mawazo ulizopewa hospitalini kwa kuwa "dawa ni dawa" amevuka mpaka. AA yenyewe inawakataza wanachama kujifanya matabibu.

10. Anayerudi baada ya kuanguka hukaribishwa

Kikundi chetu hutoa sarafu kwa miezi na miaka ya kukaa bila pombe. Sarafu inayopigiwa makofi mengi zaidi ni ile ya siku ya kwanza, na wapo walioichukua mara kadhaa. Mtu akianguka akarudi, anapewa chai. Kwa mlevi aliyezoea kurudi nyumbani kwa hukumu, mapokezi hayo huchanganya akili.

Je, mambo haya yanasaidia kweli au tunajifariji? Mwaka 2020 mtandao wa Cochrane ulichapisha mapitio ya tafiti 27 zenye washiriki zaidi ya 10,000, yakiongozwa na John Kelly wa Harvard. Yalionyesha kwamba programu za kitaalamu zinazomwongoza mtu kuingia AA hufanya vizuri sawa na tiba nyingine zinazotambulika, na katika kumfanya mtu akae bila pombe kabisa mara nyingi huzishinda. Hilo halina maana kwamba AA humfaa kila mtu. Zipo dawa kama naltrexone na disulfiram ambazo daktari huweza kumwandikia mtu, upo ushauri nasaha wa mmoja kwa mmoja, na wapo walioacha kwa njia hizo bila kuketi kwenye kiti cha plastiki hata siku moja. Wanachama wenzangu wanaodai njia ni hii pekee nawaheshimu, ila sikubaliani nao.

11. Aliyebaki nyumbani ana mkutano wake

Mke wangu ndiye aliyeniuliza: "Na sisi je, tunakwenda wapi?" Swali hilohilo liliwasumbua wake wa walevi wa Marekani, nao mwaka 1951 wakaunda Al-Anon, wakiongozwa na Lois Wilson, mkewe Bill. Mwaka 1957 ikafuata Alateen kwa ajili ya vijana wenye mzazi au ndugu mlevi. Utaratibu ni uleule: majina ya kwanza, chai, hakuna kujibiana. Pasipo na kikundi cha Al-Anon, jamaa wanaweza kuja katika mikutano ya wazi, na wakakutana humo na wake na mama wa wengine. Mke wangu alipokwenda kwa mara ya kwanza alirudi akanieleza jambo moja tu: kwamba hakuna aliyemwambia avumilie.

Kwa hiyo, msomaji, kama anayekunywa ni mtu wako, pumzisha ushauri kwa wiki moja. Muulize tu kama angependa kusindikizwa, na akikubali mfikishe hadi mlangoni, kwa maana hatua za mwisho kabla ya mlango ndizo ngumu. Na kama ni wewe, piga 1192 leo, uliza mkutano ulio karibu nawe ni siku gani, saa ngapi, na unaingilia mlango upi.